Un-, in-, dis-, non-: mwongozo kamili wa kusoma maneno ya Kiingereza yenye kiambishi cha kukanusha

Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania inapotoka, magazeti huhesabu ni halmashauri ngapi zimepata hati safi. Fungua ripoti ya Kiingereza, utakuta hati safi inaitwa *unqualified opinion*. Mtu aliyezoea kwamba *qualified* ni mwenye sifa, aliyehitimu, akiona *un-* pale mbele anajua mambo yameharibika. Kumbe halmashauri imefaulu. Kitenzi *qualify* kina maana nyingine ambayo darasani haitiliwi mkazo: kuiwekea kauli masharti, kuipunguzia nguvu kwa "isipokuwa" na "lakini". Maoni ya mkaguzi yasiyo na "lakini" ndiyo *unqualified*. Yaliyo nayo, yaani hati yenye shaka, ndiyo *qualified*.

Kila aliyepita kidato cha kwanza anajua kwamba *un-* hukanusha. Wengi hukwama baada ya hapo, wanapoibadilisha *un-* kuwa "si" na kuibandika kwenye maana ya kwanza ya shina inayowajia kichwani. Kiswahili kina njia nyingi za kukanusha: *ha-*, *-si-*, *-sio-*, *-ja-*, *kuto-*, *bila*, na juu ya hayo kuna kauli ya kutendua. Kiingereza hukunja kadhaa kati ya hizo ndani ya silabi moja, kisha humwachia msomaji kazi ya kujua ni ipi iliyomo. Hatua zifuatazo ni za mwanafunzi wa sekondari, mtafsiri, na yeyote anayetakiwa kutia saini karatasi iliyoandikwa Kiingereza.

Hatua ya 1: Hakikisha kiambishi kipo kweli

Funika herufi za mwanzo kwa kidole, kisha jiulize maswali mawili. Kilichobaki ni neno? Na neno hilo lina uhusiano na maana ya lile zima? Majibu yote mawili yawe ndiyo. *Unfair* ikifunikwa inabaki *fair*, haki. Hapo kiambishi kipo. *Uncle* inabaki *cle*, ambalo si neno. Swali la pili lina kazi yake pia, kwa sababu *unit* ikifunikwa inabaki *it*, na *discuss* inabaki *cuss*, ambalo ni neno halali lenye maana ya kutukana. Kujadiliana si kuacha kutukana, ingawa kwa baadhi ya vikao mtu angetamani iwe hivyo. *Union*, *unit*, *uniform* na *universe* zote zimebeba *uni-* ya Kilatini, yaani moja, na hazihusiani na ukanusho.

Maneno ya *under-* yanahitaji jicho kali zaidi, kwa kuwa anayesoma mbio huona *un-* tu. *Unpaid* ni asiyelipwa. *Underpaid* ni anayelipwa kidogo kuliko anavyostahili. Mbele ya afisa kazi hayo ni malalamiko mawili tofauti. Na *the undersigned*, lile neno la kwenye mikataba, ni aliyetia saini hapa chini. Nimewahi kusoma tafsiri iliyolifanya "asiyetia saini", na mkataba mzima ukawa hauna mwenyewe.

Kwa *in-* shida ni kubwa zaidi, maana Kilatini kilikuwa na *in-* mbili zinazofanana kwa sura: moja ya kukanusha, nyingine yenye maana ya ndani, juu ya, kuelekea. Kiingereza kilizirithi zote mbili bila kuzitia alama. *Import* ni kuingiza bidhaa. *Irrigate* ni kupeleka maji shambani. *Illuminate* ni kutia mwanga, *inoculate* ni kuchanja, *indebted* ni mwenye deni. Hakuna hata moja linalokanusha. *Inhabitable* ni mahali panapofaa kuishi, sawasawa na *habitable*. Pasipofaa panaitwa *uninhabitable*.

Neno lililosumbua watu kuliko yote katika kundi hili ni *inflammable*. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini *inflammare*, kuwasha moto, na *in-* yake ni ile ya ndani. Kwa hiyo *inflammable* ni kitu kinachoshika moto kwa urahisi, na *flammable* ni kitu hichohicho. Miaka ya 1920 huko Marekani, shirika la kinga dhidi ya moto liitwalo National Fire Protection Association lilianza kuhimiza *flammable* itumike kwenye lebo, kwa hofu kwamba mtu ataisoma *inflammable* kuwa "isiyoshika moto" na kuwasha sigara pembeni ya pipa. Siku hizi lori la mafuta unalokutana nalo barabarani huandikwa *highly flammable*, na alama ya kimataifa ya vimiminika vya aina hiyo ni almasi nyekundu yenye mwali wa moto na namba 3. Petroli yenyewe ina namba ya Umoja wa Mataifa, 1203. Bado utakuta *inflammable* kwenye makopo ya zamani, kwenye vitabu, na kwenye mikataba ya bima. Kisichoshika moto ni *nonflammable*.

Upande wa pili kuna maneno ambayo kiambishi kipo kweli lakini shina limekufa. *Unkempt* ni mchafu, nywele timutimu. *Kempt* ilikuwa na maana ya kuchanwa, ikapotea mitaani. *Inept*, asiyejua kazi, liko hivyo pia. Usipoteze muda kutafuta maana ya shina. Yakariri mazima kama unavyokariri *table*.

Na mengine yamejificha kabisa. *Enemy* imetoka Kilatini *inimicus*, yaani asiye rafiki. *Infant* ni asiyesema. *Atom* ni Kigiriki, kisichokatika. *Disaster* ina *dis-* na nyota: balaa lililoletwa na nyota mbaya, jambo ambalo mzee yeyote wa pwani angelielewa bila kamusi. Haya hayahitaji kuchambuliwa ili uelewe unaposoma, ni ladha tu.

Hatua ya 2: Tambua aina ya ukanusho

Ukishajua kiambishi kipo, angalia shina ni kivumishi au ni kitenzi. Hapa ndipo Kiswahili kinapokusaidia kuliko kamusi nyingi.

*Un-* ikikaa mbele ya kivumishi hueleza hali: *unkind* ni asiye na huruma, *unsafe* ni isiyo salama. Ikikaa mbele ya kitenzi, mara nyingi inatendua. Sisi tuna kauli nzima kwa kazi hiyo, na jina lake lenyewe, kutendua, ni *undo* iliyovaa kanzu. *Tie* na *untie* ni funga na fungua. *Fold* na *unfold* ni kunja na kunjua. *Load* na *unload* ni pakia na pakua. *Block* na *unblock* ni ziba na zibua. *Dress* na *undress* ni vaa na vua. Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba aliyefungua mlango hakuacha kuufunga. Alifanya tendo jingine, la kurudisha nyuma lile la kwanza. Maana hiyohiyo ndiyo iliyo kwenye simu yako: *unmute*, *unfollow*, *uninstall*, *unsubscribe*. Mwaka 2009 waandaaji wa kamusi ya New Oxford American Dictionary waliteua *unfriend* kuwa neno la mwaka, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba ni kumwondoa mtu uliyekwisha kumfanya rafiki. Asiyewahi kuwa rafiki yako huwezi kum-*unfriend*.

*Dis-* nayo hutendua: *disconnect* ni kukata au kuchomoa, *disarm* ni kupokonya silaha, *disclose* ni kufichua. *De-* hufanya kazi hiyo kwa kuondoa kitu: *deworm* ni kutoa minyoo, *defrost* ni kuyeyusha barafu ya friji, *deforestation* ni kumaliza misitu kwa kuikata.

Sasa njoo kwenye maneno kama *unread*, *unopened*, *uncooked*, *unborn*. Hapa *-sio-* peke yake haitoshi. Kiswahili kinataka *-ja-*: ujumbe ambao haujasomwa, barua ambayo haijafunguliwa, nyama ambayo haijapikwa, mtoto ambaye hajazaliwa. Kiingereza hakisemi kama jambo hilo linatarajiwa au la. Kiswahili kinasema, na mtafsiri hana budi kuamua. Fomu ikiuliza *unmarried*, kwa kijana utasema hajaoa au hajaolewa. Kwa mzee aliyefariki bila ndoa utasema hakuoa. Padri ukimwandikia "hajaoa", utazua maneno parokiani.

Chukua *unpaid*, neno dogo, ulione linavyogeuka. *Unpaid bill* ni bili ambayo haijalipwa: inasubiriwa. *Unpaid leave* ni likizo bila malipo: hakuna kinachosubiriwa, na ukimdai mwajiri mwisho wa mwezi mtabishana. *Unpaid volunteer* ni anayejitolea pasipo kulipwa. Neno ni moja, ila kwetu linadai *-ja-* mahali pamoja na *bila* mahali pengine. Atakayetumia "isiyolipwa" kote hatakuwa amekosea sarufi, lakini msomaji wake atabaki akijiuliza kama fedha inakuja au haiji.

Kuna maneno yenye njia mbili ndani yake, na muktadha ndio mwamuzi. *Undone* ni kazi ambayo haijafanywa, au kifungo cha shati kilichofunguka. *Unlockable* ni mlango usiofungika kwa ufunguo, au mlango unaoweza kufunguliwa kwa ufunguo. Inategemea unakata wapi: *un* na *lockable*, au *unlock* na *able*. Kwenye michezo ya kompyuta karibu kila mara ni ile ya pili, kitu kinachofunguliwa ukifika hatua fulani.

*Mis-* ni nyepesi: jambo limefanyika, ila limefanyika vibaya. *Misspell* ni kukosea tahajia, *mislead* ni kupotosha, *misplace* ni kuweka kitu mahali usipopakumbuka. Ndugu yake *mal-* yuko zaidi hospitalini na kiwandani: *malnutrition*, utapiamlo, *malfunction*, hitilafu ya mtambo. *Malaria* yenyewe ni hewa mbaya kwa Kiitaliano, kutoka enzi ambazo mbu alikuwa hajashtakiwa.

*A-* ya Kigiriki, au *an-* mbele ya irabu, ni "bila". *Anonymous* ni asiye na jina. *Asymptomatic* tuliizoea mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19, mgonjwa asiye na dalili. Angalia tu usiitafsiri kupita kiasi: *anaemia* kwa asili ni bila damu, lakini asiye na damu hafiki zahanati. Ni upungufu wa damu.

Hatua ya 3: Tofautisha *un-* na *non-*

*Non-* hupanga watu na vitu katika mafungu bila kumlaumu mtu. *Un-* mara nyingi huhukumu. Mtalii asiye Mwislamu anayetembelea Lamu ni *non-Muslim*, na hakuna kosa hapo. Tabia ikiitwa *un-Islamic*, inashutumiwa kwamba inakwenda kinyume na mafundisho ya Uislamu, na aliyeitenda anaweza kuwa Mwislamu wa kuzaliwa. Ndiyo maana Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipounda kamati mwaka 1938 kuchunguza shughuli za *un-American*, waliohojiwa wengi walikuwa raia wa Marekani tangu kuzaliwa. Kilichokuwa kinatiliwa shaka ni utiifu wao, si pasipoti zao.

*Unprofessional* ni mfanyakazi aliyevunja miiko ya kazi yake. *Non-professional* ni mtu ambaye kazi hiyo haijawa taaluma yake, labda anacheza mpira jioni kwa kujifurahisha. Ukimwandikia refarii wa ridhaa kwamba ni *unprofessional*, umemtukana. *Non-governmental*, isiyo ya kiserikali, imo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, ibara ya 71, na tangu hapo asasi nyingi za kiraia zimevaa jina hilo bila kuonekana zinaipinga serikali. Kuipinga ni *anti-government*, na kwenye fomu ya usajili kosa la namna hiyo halisameheki kirahisi.

Hatua ya 4: Jifunze majirani wanaogombana

Baadhi ya mashina hukubali viambishi viwili au vitatu, na kila kimoja kinatoa neno jipya. Anza na *use*. *Unused* ni kitu ambacho hakijatumika, bado kiko kwenye boksi, au chumba kisichotumika tu. *Disused* kilitumika zamani kikaachwa, kama reli iliyoota nyasi au kisima kilichokauka. *Misused* kinatumika ndivyo sivyo, mfano fedha za mradi. Ripoti ya ukaguzi ikisema fedha ni *unused*, zipo benki. Ikisema *misused*, mtu atalala ndani.

*Uninterested* na *disinterested* huwachanganya hata Waingereza wenyewe. Jaji anayesinzia kesi ikisikilizwa ni *uninterested*, hana hamu nayo. Jaji asiye na maslahi yoyote katika kesi ni *disinterested*, na huyo ndiye unayemtaka. Siku hizi wengi huandika *disinterested* wakimaanisha kutojali, na kamusi zimeanza kuwakubalia. Mimi ningeendelea kuzitenganisha ninapoandika, lakini ninaposoma gazeti siwezi kuapa mwandishi alikusudia ipi mpaka nimalize aya.

*Misinformation* na *disinformation* zina uzito wake nyakati za uchaguzi. Ya kwanza ni habari isiyo sahihi, bila kujali nia ya anayeisambaza. Ya pili imetungwa makusudi ili kupotosha. Shangazi anayetuma kwenye kundi la familia dawa ya kitunguu saumu ya kutibu kila kitu, akiiamini, anasambaza ile ya kwanza. Aliyeibuni akijua ni uongo ili auze unga wake alitengeneza ya pili.

*Unable* ni asiyeweza. *Disabled* kwa mtu ni mwenye ulemavu, na kwa akaunti ya benki au ya mtandaoni ni iliyozimwa, kwa hiyo *your account has been disabled* ni taarifa kwamba umefungiwa. *Unqualified*, ukiacha ile ya wakaguzi, ni asiye na sifa za kazi. *Disqualified* alikuwa nazo, au alidhaniwa anazo, akaenguliwa. *Unorganised workers* ni wafanyakazi wasio na chama cha kuwatetea, hata kama kazi yao imenyooka. *Disorganised* ni wasio na mpangilio. *Immoral* anajua jema akatenda baya. *Amoral* hana kipimo cha jema na baya kabisa, kama mashine.

Mawili ya mwisho huumiza kwenye barua za shukrani. *Invaluable* si kitu kisicho na thamani. Ni kitu ambacho thamani yake haikadiriki, kwa hiyo ukiandikiwa kwamba mchango wako ulikuwa *invaluable*, umesifiwa sana. Kisicho na thamani ni *worthless*. *Infamous* naye si mtu asiyejulikana. Anajulikana sana, kwa ubaya. Usimtambulishe mgeni rasmi kwa neno hilo.

Hatua ya 5: Chagua kiambishi sahihi unapoandika wewe

Kusoma ni nusu ya kazi. Ukitaka kuandika, jambo la kwanza ni sauti. *In-* hujibadilisha ikikutana na herufi fulani: mbele ya *l* inakuwa *il-* (*illegal*), mbele ya *m*, *p* na *b* inakuwa *im-* (*immature*, *impossible*, *imbalance*), mbele ya *r* inakuwa *ir-* (*irregular*). Msemaji wa Kiswahili asishangae. Sisi husema nyumba mbaya na nguo mbovu, ambapo *n-* ya ngeli imekuwa *m-* ilipogusa *b*, kwa sababu ileile ya midomo kutafuta wepesi. Kwenye *r* tuliachana: Kilatini kiliigeuza *n*, sisi tukaigeuza *r*, tukapata ndefu. *Un-* haibadiliki kamwe kwenye maandishi, ndiyo maana tunaandika *unpopular* na *unreal*.

Mbele ya maneno yanayoishia *-ed* au *-ing*, ukiwa na wasiwasi weka *un-*: *unfinished*, *undecided*, *unending*. Mara nyingi utapatia. Kwa yaliyobaki hakuna kanuni inayotosha, na sababu ni historia. *Un-* ni ya Kiingereza cha kale. *In-* iliingia na Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na baadaye na Kilatini cha wasomi. Kwa karne kadhaa viambishi hivyo viwili viligombania maneno yaleyale. Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 ina *unpossible*. Tangazo la Uhuru la Marekani la mwaka 1776 linasema haki za binadamu ni *unalienable*. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema *inalienable*. Maana ni moja, haki ambazo mtu hawezi kunyang'anywa.

Mabaki ya ugomvi huo yanaonekana kivumishi kinapogeuka nomino, na hapa watahiniwa wengi huangusha alama. *Unequal* huzaa *inequality*. *Unjust* huzaa *injustice*. *Unable* huzaa *inability*, *unstable* huzaa *instability*, *ungrateful* huzaa *ingratitude*, *unbalanced* huzaa *imbalance*. Kivumishi ni cha *un-*, nomino ni ya *in-*, kwa sababu nomino nyingi kati ya hizo zilitoka Kifaransa na Kilatini zikiwa zimeshapikwa. Ziandike mbilimbili kwenye daftari.

Kuhusu tahajia, andika kiambishi kizima kisha neno zima, usipunguze wala usiongeze. *Dis* na *satisfied* zinatoa *s* mbili. *Dis* na *appoint* zinatoa moja. *Un* na *necessary* zinatoa *n* mbili. *Mis* na *spell* zinatoa *s* mbili, na ni aibu kukosea tahajia ya neno linalotaja kosa la tahajia.

Matamshi mara chache huleta shida, isipokuwa kwa *invalid*. Mkazo ukiwa kwenye *va*, ni batili, kama kura iliyoharibika au leseni iliyokwisha muda. Mkazo ukiwa kwenye *in*, ni mgonjwa asiyejiweza, na neno hilo siku hizi linahesabiwa kuwa la dharau. Liache.

Hatua ya 6: Kanusho mbili zikikutana

Kiingereza rasmi hupenda kusema *not uncommon* au *not unlike*. Usiikate ukadhani zimefutana na kubaki *common* tupu. Ni kusema nusu, kama sisi tunavyosema "si haba" tukimaanisha ni nyingi kiasi. *Not uncommon* ni jambo ambalo si geni, hutokea mara kwa mara. Afisa akisema *it is not impossible*, hajakubali. Amekataa kukataa.

Kanusho mbili zinaweza pia kukaa ndani ya neno moja au jina moja. Menya kuanzia nje kwenda ndani. *Non-disclosure agreement*: toa *non-*, inabaki *disclosure*, kufichua, toa *dis-*, inabaki *close*, kufunga. Mkataba wa kutofichua. *Undisclosed amount* ni kiasi ambacho hakijatajwa hadharani, na kwenye habari za usajili wa wachezaji ndicho kiasi kinachotajwa mara nyingi kuliko vyote.

Hatua ya 7: Jaribu kwenye karatasi ya kweli

Rafiki yako anakopa, na wewe unaombwa uwe mdhamini. Unaletewa ukurasa wenye sentensi ya namna hii:

*The undersigned gives an irrevocable and unconditional undertaking to indemnify the lender against any unpaid amount. No indulgence granted to the borrower shall impair this undertaking.*

Maneno manane hapo yana sura ya kukanusha. Pita nayo moja moja. *Undersigned* na *undertaking* ni *under-*: mtia saini hapa chini, na ahadi. *Irrevocable* ina *in-* ya kweli iliyogeuka *ir-* mbele ya *revoke*, kufuta. Ni ahadi usiyoweza kuifuta ukibadili mawazo. *Unconditional* ni bila masharti, yaani huwezi kusema "mradi kwanza mkamdai yeye". *Indemnify* ina ukanusho uliozikwa: Kilatini *indemnis*, asiyepata hasara. Maana yake leo ni kufidia, kuhakikisha mwingine hapati hasara. *Unpaid* hapa inadai *-ja-*, kiasi ambacho hakijalipwa. *Indulgence* haikanushi, kwenye lugha ya mikopo ni nafuu, mfano kuongezewa muda. *Impair* nayo haikanushi, *im-* yake ni ile *in-* nyingine, na neno zima ni kudhoofisha. Kwa hiyo ukanusho ulio hai ni wa maneno matatu tu, *irrevocable*, *unconditional* na *unpaid*, na mawili ya kwanza ndiyo yanayokufunga.

Kwa Kiswahili sentensi hiyo inasomeka hivi: Mimi niliyetia saini hapa chini natoa ahadi isiyoweza kufutwa wala kuwekewa masharti, kwamba nitamfidia mkopeshaji kiasi chochote kitakachokuwa hakijalipwa; na nafuu yoyote atakayopewa mkopaji haitaidhoofisha ahadi hii. Rafiki yako akiongezewa miezi sita ya kulipa bila wewe kuambiwa, bado unadaiwa.